Usimfute Marehemu

Ninyi mnaojifunza programu siku hizi mna bahati na hamjui. Mna video, mna mitambo ya kuwajibu maswali, mna hata ya kuwaandikia mistari huku mnakunywa chai. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, na kompyuta ya kwanza niliyoigusa niliigusa tayari nina mvi. Sasa macho yamechoka, daktari anasema ni mtoto wa jicho, na kazi nimemwachia mwingine. Lakini nimewajengea watu wa mpaka huu, kuanzia Busia hadi Tororo, vitu ambavyo mpaka leo vinafanya kazi, na sioni haya kusema nilijenga vizuri. Kwa hiyo nisikilizeni. Mkichoka, chokeni baada ya kumaliza.

Nilianza na taipureta. Upande wa Uganda, hatua chache kutoka geti la mpaka, nilikuwa na meza na mwavuli, nawajazia madereva wa malori fomu za forodha. Kazi ile ilinifundisha jambo moja ambalo wengine wanalipia karo kulijua. Karani wa forodha haruhusu mtu kuingia stoo. Unapitisha karatasi yako dirishani. Anaisoma. Ikiwa sawa anaigonga muhuri, ikiwa na kasoro anairudisha na kukuambia kasoro iko wapi. Ukibisha, anafunga dirisha anakwenda kula.

Miaka ikapita, taipureta ikafa, nikanunua kompyuta kuukuu nikaiweka kwenye kiduka, na siku moja nikakaa mbele ya Nekesa. Nekesa alikuwa binti wa upande wa Kenya, ana saiba yake, duka la intaneti, karibu na steji, umri wake sawa na kitinda mimba wangu. Mimi nilimwita mwalimu, yeye aliniita mzee. Nilitaka anifundishe hiki kitu kinachoitwa API, akaanza kunichorea visanduku na mishale.

"Mwalimu, ngoja," nikamwambia. "Hili si dirisha la forodha?"

Akaweka kalamu chini. "Endelea."

"Data iko stoo. Mtu haingii stoo. Anakuja dirishani na ombi lake, na dirisha linamjibu."

"Mzee, umeshika. Sasa acha nikufunze lugha ya hapo dirishani, na usinilipe na ndizi tena kama juzi."

Lugha yenyewe ni fupi. Kuna kuweka, kuleta, kubadilisha na kufuta. Kuweka ni POST, kuleta ni GET, kubadilisha ni PUT, kufuta ni DELETE. Maneno manne, basi. Nimewaona vijana wana vyeti vya ukutani lakini wanayachanganya. Fundi mmoja wa Tororo, simtaji, alifanya kufuta kukae kwenye kiungo cha kawaida, yaani ukikigusa tu rekodi imekwenda. Mteja wake akakipeleka kiungo kile kwenye kundi la WhatsApp kuwauliza wenzake, "Hii ni nini?" Kila aliyetaka kujua ni nini akakigusa. Kufika jioni stoo ilikuwa nyeupe. GET ni ya kuangalia peke yake. Anayeangalia asiharibu.

Jambo lingine, dirisha lisidanganye. Likipata kitu liseme nimepata. Likikosa liseme 404, haikupatikana. Likianguka lenyewe liseme 500, kosa ni langu. Kuna watu hujenga dirisha linalojibu "sawa" kwa kila kitu ili mteja asikasirike. Mteja atakasirika baadaye, na atakuja na ndugu zake.

Na namba ya simu usiifanye kitambulisho cha mtu, angalau si hapa kwetu. Mtu wa Busia ana laini ya Uganda na laini ya Kenya, anazibadilisha akivuka barabara. Asubuhi ni mtu huyu, mchana ni mtu mwingine, na kumbe ni yule yule muuza nyanya. Jina nalo halitoshi, maana kuna nyumba ina akina Okoth watatu. Mpe kila mtu namba yake iliyotoka stoo, isiyobadilika, kisha simu na jina viwe vitu vyake tu, kama kofia na viatu.

Hayo ni ya ufundi, mtayasoma popote. Ninachotaka kuwaambia hasa ni cha kundi la mazishi.

Kundi hilo lina watu wa pande zote mbili za mpaka. Wako Bulumbi, wako Paya, wako Osukuru kule karibu na vilima, na wako wengi upande wa Kenya waliokwenda kutafuta kazi. Mwanachama akifiwa, kundi linaleta lori, turubai, sufuria kubwa, watu wa kuchimba na wanawake wa kupika. Hakuna anayezika peke yake. Zamani kila tawi lilikuwa na daftari lake, na madaftari hayakupatana. Tawi la huku linasema fulani ni wetu, tawi la kule linasema hatumjui, na maiti inasubiri. Wakaniita. Nikawajengea dirisha moja. Nekesa akatengeneza programu ya simu kwa watu wa Kenya, mimi nikaweka njia ya ujumbe mfupi kwa watu wa huku wenye simu za batani, na zote mbili zikawa zinauliza dirisha lile lile. Jibu likawa moja. Wiki ya kwanza mwenyekiti alinipa jogoo.

Rekodi tulizipanga kwa nyumba, kwa sababu ndivyo kundi lilivyokuwa linahesabu watu. Nyumba ya fulani, mkewe, watoto, na mama yake kama anakaa naye. Juu kabisa kuna mkuu wa nyumba. Kamati ilitaka hivyo, na kusema kweli hata mimi ningepanga hivyo hivyo bila kuambiwa.

Sasa, siku moja walikuwa na mkutano Bulumbi, na katibu, anaitwa Wandera, alikuwa anasoma nyumba kutoka kwenye simu yake ili watu waitikie. Akasoma jina la mwanamume aliyekuwa ameshazikwa. Mama mmoja akainuka, akatoka nje analia, na wanawake wengine wakamfuata. Mkutano ukavunjika. Mwenyekiti akanipigia simu, sauti yake iko chini.

"Mzee Ouma, hii mashine yako inaita wafu."

"Inaita aliyeandikwa, mwenyekiti."

"Basi asiandikwe tena. Mtu akishazikwa, mfute. Kwetu marehemu haitwi mbele za watu kama anayetakiwa kujibu."

Hilo halikuwa na ubishi. Nikatengeneza kitufe, Wandera akikibonyeza DELETE inakwenda, mkuu wa nyumba hayupo tena. Nekesa aliipitia kazi yangu mstari kwa mstari, akaijaribu mara nyingi, akasema iko sawa. Na ilikuwa sawa. Ukiiambia futa, inafuta. Kumbukeni hilo, kwa sababu siku hizi mnaniambia, "Mzee, majaribio yote yamepita." Hata yetu yalipita.

Muda mrefu baadaye alikuja mama mmoja dukani kwangu asubuhi, pikipiki imemshusha mlangoni, miguu ina vumbi la kijijini. Mrefu, kitambaa cheusi kichwani.

"Ssebo, mzee, mimi natafuta mwenye mashine. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Kaa."

"Sitaki kukaa. Mimi naambiwa mimi hayuko."

"Nani anakuambia?"

"Katibu. Anatazama simu, anasema, mama, hapa hakuna wewe. Mimi nasimama mbele yake, anasema hakuna mimi."

Jina lake Nyafwono, wa Paya. Mumewe, Owor, alikuwa amekufa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, na kundi lilimzika. Yeye alibaki na watoto, na pia mama mzazi wa Owor, mkongwe, ambaye alimtunza kama mama yake. Bibi kizee aliugua, akapelekwa hospitali upande wa Kenya kwa sababu binti yake ameolewa kule na aliweza kumwangalia. Amefia kule. Maiti iko mochari. Binti na mumewe wanakaa nyumba ya kupanga, hawana gari, hawana uwezo.

"Mkwe ni mtu mzuri, simtukani," Nyafwono akasema. "Lakini yeye anasema, kama kundi hakuji, babake iko na kashamba huko ndani, tumzike pale. Ssebo. Mama ya Owor, azikwe kwa mkwe?"

Ninyi mliokulia mjini hamtaelewa mpaka mwelezwe. Huku kwetu mama hata chakula hali ovyo nyumbani kwa mkwe wake, wanaheshimiana hivyo, kila mmoja anapita mbali. Kumlaza mama huyo milele katika ardhi ya ukoo wa mkwe ni kusema kwamba hakuwa na kwao. Na atakayeulizwa Paya si binti, ni Nyafwono, maana ndiye aliyebaki kusimamia boma la Owor.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikauliza dirisha kwa jina la Owor. 404. Nikauliza kwa jina la Nyafwono. 404. Nikauliza kwa kijiji, zikaja nyumba za majirani zake wote, yake hapana. Hapo nikaona. Wandera alipomfuta Owor hakumfuta Owor peke yake. Owor alikuwa mkuu, na wengine wote walikuwa ndani yake. Mkubwa aliondoka na nyumba nzima, mke, watoto na mama yake aliyekuwa bado hai. Nakala za akiba tulikuwa tunaweka kwenye flashi, mpya juu ya kuukuu, na ya Owor ilikuwa imeshafunikwa siku nyingi. Stoo haikuwa na kitu cha kurudisha.

Nikamgeuzia skrini nikamweleza. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Sasa wajane wote hayuko?"

Wote. Kila nyumba iliyofiwa na baba tangu kile kitufe kiwekwe. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefiwa mara ya pili, na mkutanoni nyumba isiposomwa watu walidhani ni heshima kwa marehemu.

Nikampigia Wandera, nikaweka sauti ya nje.

"Katibu, niko na mama Nyafwono hapa."

"Mzee, mimi nimemwambia. Roho inaniuma, lakini mimi nafuata kamati. Kuna watu walijifanya wanachama, tukapeleka lori, na mwenyekiti mpaka leo ananikalia kooni. Sheria ni mashine ikisema hayuko, hayuko."

"Mashine imekosa. Ilifuta nyumba nzima."

"Basi nionyeshe pale ilipokuwa."

"Haiko popote."

"Sasa mzee, nitawaambia nini?"

Wandera si mtu mbaya, msimchukie. Ni mtu aliyepewa simu na kuambiwa aiamini kuliko macho yake, na walioleta simu hiyo ni sisi.

"Owor alizikwa ukiwepo?" nikamuuliza.

"Nilikuwepo."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Nani alipika?"

"Mzee, hilo si swali la katibu."

Nyafwono akanyoosha mkono, akaichukua simu mezani bila kuniomba.

"Wandera. Mama yako alipokufa, nani alikaa kwenye moshi mpaka wageni wanaisha? Wewe unasema chai yangu ni nzito, unakunywa vikombe vitatu."

Nikasikia Wandera anacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa.

"Mama, mimi nakujua. Mashine ndiyo hakujui."

"Mashine hajawahi kula kwangu. Wewe umekula."

Wandera akakata simu. Nikadhani ametukimbia. Baada ya muda simu yangu ikaanza kulia, maana nami nimo kwenye kundi lao la WhatsApp. Alikuwa ameandika mstari mmoja: nani anamjua Nyafwono wa Paya, mke wa marehemu Owor. Majibu yakaja kwa sauti, moja baada ya jingine, na hapo ndipo mama yule alikubali kukaa kwenye kiti.

Mzee wa Bulumbi akasema, "Huyo mama alikuja kwetu na kuni kichwani, kutoka Paya, na mvua inanyesha." Mwingine wa Osukuru akasema, "Alikaa na watoto wangu siku mimi niko kaburini." Akaja mwanamke wa upande wa Kenya, anaongea haraka: "Huyo? Si huyo ndiye alinifunga leso kichwani mzee wangu akizikwa, mimi mwenyewe nimeshindwa hata kusimama. Ati hayuko kwa system? Katibu, wacha mchezo, tuma lori." Zilikuja nyingi. Nyingine zilikuwa na kuku nyuma, nyingine na honi za malori. Nyafwono alizisikiliza zote, ameinamisha kichwa. Hakulia. Alifungua kitambaa chake, akakifunga upya.

Ya mwisho ilikuwa ya mwenyekiti, maneno matatu: "Mwandike huyo mama."

Wandera akapiga. "Mzee, nimefungua fomu. Inataka mkuu wa nyumba. Tumwandike shemeji yake, mdogo wa Owor?"

Nikamtazama Nyafwono.

"Shemeji iko Kampala," akasema. "Hata kijiko hajaleta tangu tumzike ndugu yake. Ukiandika yeye, siku yeye anakufa, mimi hakuna tena. Andika Nyafwono."

"Kama mkuu?"

"Kama mimi."

Wandera akaandika. Dirisha likajibu 201, maana yake imewekwa. Akauandika na msiba, na mara ujumbe ukaenda kwa wanachama wote wa upande wa Kenya walio karibu na hospitali ile, na kwa mwenye lori Bulumbi. Nimeona namba ile ya 201 mara nyingi maishani, na kwa kawaida haisemi na moyo wangu. Siku ile nilitoka nje nikajifanya natazama barabara.

Bibi kizee alivuka mpaka kesho yake mchana, wanachama wa Kenya wamepanda nyuma ya lori wanaimba, na wa Uganda wamesimama getini wanapokea wimbo. Alizikwa Paya, pembeni ya mwanawe.

Baada ya hapo mimi na Nekesa tuliibomoa kazi yetu.

"Mzee, tunabadilisha yote?" akaniuliza.

"Yote."

"Hiyo ni noma."

"Noma zaidi ni kumwambia mtu aliyesimama mbele yako kwamba hayupo."

Tukampa kila mtu rekodi yake mwenyewe, mke na yake, mtoto na yake, bibi na yake, na nyumba ikawa ni kamba tu inayowafunga pamoja. DELETE ya marehemu tukaiondoa. Mtu akifa tunabadilisha hali yake, tunaandika marehemu, na dirisha likiombwa majina ya kuitwa mkutanoni halimtoi. Mwenyekiti akapata alichotaka, jina halisomwi, na waliobaki hawakuondoka naye. Nakala za akiba tukaacha kuzifunika. Kisha tukazunguka na Wandera kwa pikipiki, kijiji kwa kijiji, tukiwatafuta wajane wengine na kuwaandika upya mmoja mmoja. Wengi hawakujua hata kwamba walikuwa wamefutwa. Mmoja aliniuliza kama itamuuma.

Vijana, mteja akiwaambia futa, msianze kuandika. Muulizeni kwanza: ni nani mwingine yumo ndani ya hiki? Mkae naye, mnywe chai, awatajie majina. Hilo hakuna mtambo utakaowaulizia.

Ila kuna jambo la siku ya mazishi yenyewe sijawaambia. Nilikwenda Paya, nikakaa chini ya turubai na wazee wengine. Nyafwono alikuwa kwenye moshi, kama kawaida yake, ingawa mfiwa mkuu alikuwa ni yeye. Alikuja na sahani, ugali wa ulezi na muhogo, samaki juu, akaiweka mbele yangu akasimama.

"Kula, ssebo. Halafu uandike."

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba Nyafwono alipika. Mashine yako anajua nani anasaidiwa. Hajui nani anapika."

Wazee walicheka, na mmoja akasema, "Jadwong, mzee wetu, leo umepata bosi." Lakini nilipokuwa nakula niliona kwamba hatanii. Alikuwa amesimama pale anangoja anione nikimeza. Tulikuwa tumejenga dirisha zima, tumeweka jina, kijiji, simu na mkuu wa nyumba, na hakuna mahali palipoandikwa mtu amewafanyia wenzake nini. Ndiyo maana alipofutika hakukuwa na cha kumtetea isipokuwa vinywa vya watu.

Nekesa aliongeza sehemu hiyo wiki ile ile. Kila mazishi sasa, katibu anaweka nani alikuja na alifanya nini. Rekodi ya kwanza niliiweka mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu viwili, na ukiomba dirishani leo utaletewa kama nilivyoiandika: Nyafwono, Paya, kwa mama mkwe wake, alipika. Tulishiba.